Onyesha, usiache: niliyoyasema Nkuhungu kuhusu vyeti na vitambulisho vyetu kazini

Wengi mlinitumia meseji kwamba Jumapili ile ya kikao chetu cha Nkuhungu, hapa Dodoma, mlikuwa shifti na hamkuweza kufika. Mdogo wangu alirekodi kwa simu akiwa amekaa mbele, na mimi nimeandika kama nilivyoongea, na makosa yangu humohumo. Pale watu walipojibu au kuuliza nimeonyesha.

Mbukwenyi! Bwana asifiwe. Asalaam aleykum. Haya kaeni, mliosimama kule nyuma kuna mabenchi mawili hapa mbele, hayang'ati.

Namshukuru mwenyekiti wa mtaa kwa kutuitia watu, na wazee wa kanisa waliotupa ukumbi bila hela, ila wamesema saa kumi na moja kwaya wanaingia mazoezi kwahiyo sina muda wa kuzunguka.

Kabla sijaanza naomba kila mtu aguse mfuko au pochi yake. Kitambulisho chako cha taifa, hiki cha NIDA, kiko wapi saa hii? Sisemi namba, namba najua mnazo kwenye simu, nasema kadi yenyewe. Na vyeti vyako vya shule viko wapi? Na leseni yako wewe dereva? Viko nyumbani kwenye begi chini ya kitanda, au viko kwenye droo ya mtu? Usijibu. Kaa na jibu lako, tutarudi hapo.

Kwa wasionijua, mimi ni msaidizi wa kisheria, hizi kazi za kuwaandikia watu barua na kuwasindikiza kwenye maofisi. Lakini kabla ya hapo nilikaa miaka sita upande wa pili wa meza, nilikuwa mtu wa HR, wale wa kuajiri na kutunza mafaili ya wafanyakazi. Kwahiyo leo nichukulieni kama mwizi aliyeokoka, amekuja kuwaonyesha wenye nyumba ni dirisha gani huwa halifungi vizuri.

Ofisi yenyewe siitaji na msiniulize baada ya kikao. Walikuwa na biashara kadhaa, shule ikiwa mojawapo, na pale masjala tulikuwa na kabati la chuma la kijivu lenye droo nne. Droo ya tatu ndo ilikuwa ya vyeti orijino. Mwalimu akiajiriwa anakuja na bahasha yake ya kaki, tunakagua, tunatoa kopi, alafu bosi anasema orijino zibaki kwa ajili ya usalama. Usalama wa nani? Mimi nililitamka hilo neno miaka sita bila kujiuliza, yaani mtu anakuja mpya, kavaa shati limepigwa pasi, ana furaha ya kupata kazi, namwambia mwalimu vyeti vitabaki kwetu kwa usalama, anasaini anaondoka. Ukweli wote pale ofisini tuliujua. Walimu walikuwa wakiondoka katikati ya muhula wakipata penye maslahi, na bosi akaona dawa yake ni kushika vyeti. Mbuzi ukimfunga kamba unaweza kumwachia kamba ndefu, atakula majani mpaka ashibe, ila jioni utamkuta palepale.

Sasa kuna mwalimu wetu mmoja wa hesabu aliitwa usaili serikalini. Mnajua usaili wa Sekretarieti ya Ajira, watu wanatoka Kigoma wanatoka Mtwara wanakuja hapa Dodoma na mabegi, wewe upo hapahapa umefuatwa na bahati nyumbani. Na tangazo lao halifichi kitu, linasema njoo na vyeti halisi, cha kuzaliwa, cha form four, cha form six, mpaka cha chuo, na slipu za matokeo hawapokei. Usaili wake ulikuwa saa moja asubuhi. Jana yake saa nane mchana akaja kwangu kuomba bahasha yake. Bosi kasafiri yuko Arusha. Nampigia hapokei. Nampigia tena anapokea, ananiambia mwambie asubiri nirudi, kwani anavitakia nini?

Ndugu zangu, ufunguo wa akiba nilikuwa nao mimi. Ulikuwa kwenye pochi yangu, mapajani, wakati naongea na yule mwalimu. Nikamwambia bosi kasafiri na ufunguo. Akakaa pale kwenye benchi mpaka saa kumi na mbili jioni, hakulia, bora hata angelia. Kesho yake alienda hivyohivyo na kopi zilizogongwa muhuri, wakamrudisha mlangoni. Mwezi uliofuata aliacha kazi, na siku hiyo bosi mwenyewe akaniambia mpe vyake aende zake, nikafungua droo nikampa, haikuchukua hata dakika mbili.

Vile vyeti vilikuwa vya nani? (Ukumbi: Vyake!) Vya nani? (Vyake!) Mama yake aliuza zabibu za Hombolo akamlipia ada, bosi hakuchangia hata daftari. Hiyo ndo sababu nimesimama hapa leo, na neno langu ni fupi, mtu wa la saba analielewa na profesa wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, analielewa: onyesha, usiache. Semeni na mimi. (Onyesha, usiache!)

Sasa msiende kesho kazini mkaniharibia jina mkasema yule mama kasema bosi asikague. Bosi akague! Hapahapa kwetu, pale UDOM, tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti na watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Elfu tisa na ushee! Kwahiyo mwajiri anayetaka kuona cheti chako kwa macho yake ana sababu, na akitaka kukihakiki Baraza la Mitihani, NECTA, ni sawa pia, mimi mwenyewe ningekuwa na duka ningekagua. Na vipo vitu sheria inamlazimisha awe navyo. Lazima akuandikishe NSSF kwa ajili ya pensheni, lazima akate kodi apeleke TRA, lazima awe kwenye mfuko wa fidia, WCF, ili ukidondoka kwenye jukwaa la ujenzi ulipwe, na kama ulisomeshwa na Bodi ya Mikopo lazima akukate ile 15% ya mshahara wa msingi, na hapo najua kuna watu wamenuna. Vyote hivyo vinahitaji jina lako sahihi, namba yako ya NIDA, TIN yaani namba ya mlipakodi, tarehe ya kuzaliwa. Mpe afisa ajaze. Lakini niambieni, katika hivyo nilivyotaja ni kipi kinachohitaji kadi yako ilale kwenye droo ya bosi? NSSF wanataka kadi yako ilale kwa bosi? TRA je? Basi anaikalia ya nini?

Nina binamu yangu yuko Chicago anatunza wazee. Aliponihadithia siku yake ya kwanza kazini nilicheka. Kule kuna fomu inaitwa I-9, inatokana na sheria yao ya mwaka 1986, mwajiri lazima ahakikishe wewe ni nani na unaruhusiwa kufanya kazi. Kuna orodha ya nyaraka zinazokubalika, na anayechagua alete ipi kwenye ile orodha ni mfanyakazi, bosi haruhusiwi kusema mimi nataka paspoti au nataka ile kadi nyingine. Anaangalia, anajaza fomu ndani ya siku tatu za kazi tangu umeanza, anakurudishia mkononi. Binamu alibaki amesimama pale anasubiri waende nayo, wakamuuliza unasubiri nini? Ndo tulivyozoeshwa sisi, mtu anasubiri anyang'anywe. Hiyo ni sheria ya kwao na mwajiri wako wa hapa mtaa wa Kisasa haimhusu, naisema tu mjue kwamba kukagua na kurudisha kunawezekana na kazi zinaenda.

Na sisi ya kwetu tunayo. Katiba Ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, mawasiliano yake. Hiyo ya siku nyingi. Alafu mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Sheria Namba 11, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023, siku ya wafanyakazi kabisa, na Tume yake Rais Samia aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Sheria ni ndefu ila mimi naielezaga hivi. Jirani akija kuomba chumvi unampa chumvi, humpi ufunguo wa jiko. Mwajiri anayechukua taarifa zako achukue zile tu anazozihitaji, akwambie anazichukulia nini, asizigeuzie matumizi mengine, azitunze pasipofikika na kila mtu, na asikae nazo kuliko shughuli inavyohitaji. Na wewe una haki ya kwenda kuuliza, jamani kwenye faili langu kuna nini? Kikiwa kimekosewa kirekebishwe. Niambieni ukweli, nani hapa amewahi kuuliza kilichomo kwenye faili lake? (Kimya.) Hata mmoja? Mimi nililinda mafaili miaka sita hakuna aliyewahi kuniuliza, na siku hizo ningemwona mkorofi.

Tuje kwenye kopi, mana kuna watu wameshaanza kupumua, wanasema mimi sijaacha orijino, nimeacha kopi tu.

Mwaka jana nilikuwa stendi ya Nanenane nasubiri basi la Kondoa. Nikanunua karanga za mia tano kwa kijana, zimefungwa kwenye karatasi, nikapanda nikakaa dirishani natafuna taratibu. Zilipoisha nikakunjua ile karatasi kama tunavyofanyaga wote, mtu hana cha kusoma anasoma karatasi ya karanga. Ananitazama mdada. Ni kopi ya kitambulisho cha NIDA, sura yake, jina matatu, namba zote tarakimu ishirini, na chini kwa kalamu ya bluu mtu kaandika namba ya simu na neno "mapokezi". Yaani alikuwa kaomba kazi ya mapokezi mahali, labda aliipata labda hakuipata, na sasa yuko kwenye mafuta ya karanga mikononi mwangu.

Nilishuka. Nikamfuata yule kijana nikamuuliza hizi karatasi unatoa wapi mdogo wangu? Akaniambia mama hizi tunanunua kwa kilo, maofisi yakisafisha stoo wanatuuzia. Akanionyesha rundo. Nilinunua rundo zima, basi la Kondoa likaniacha, nikaenda kuchoma nyuma ya nyumba yangu. Sijui karatasi za wauza karanga wengine ziko wapi.

Na ile namba ya NIDA msiione ni namba tu. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kuna watu hapa PIN yao ya hela ya simu ni mwaka wa kuzaliwa, msicheke, najua mpo! (Vicheko.) Nenda kaibadilishe leo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira yako miaka mitano baada ya kuachana, kwahiyo ukitoka leo usitegemee achome faili kesho, kuna sababu ya kulitunza, ikitokea kesi itahitajika. Lakini yule mdada wa kwenye karanga, kama hakuajiriwa, kopi yake ilikuwa inafanya nini stoo? Na hata kama miaka imetimia, zinachanwa au zinachomwa, hazipimwi kwenye mzani.

Kwahiyo ukitoa kopi, fanya kitu nilichojifunza kwa mzee mmoja wa steshenari pale karibu na Jamatini, mzee ana akili kuliko mawakili wengi ninaowajua. Kabla hujaikabidhi chukua kalamu, andika katikati ya kopi kwa kukatiza, usiguse sura na majina, andika "kwa ajili ya maombi ya kazi" na jina la kampuni na tarehe. Basi. Kopi hiyo haiendi kusajilia kitu kingine kirahisi, na ikija kuonekana kwenye karanga tutajua imetoka kwa nani. Inagharimu wino tu.

Na wadhamini je? Hili watu hawalifikirii kabisa. Kazi za ulinzi, kazi za dukani, kazi za stoo, unaambiwa leta wadhamini wawili na kopi za vitambulisho vyao na picha na barua ya serikali ya mtaa. Mjomba wako anakupa kwa upendo, alafu wewe umeacha kazi miaka mitatu iliyopita na sura ya mjomba bado iko kwenye droo ya mtu asiyemjua. Ukiondoka kazini omba na za wadhamini wako zirudi, ni adabu tu, yule mzee alikusitiri.

Haya, simu. Hapa nitaongea na vijana wa saiti, mliopo Mtumba, Ihumwa na huko kwingine majengo yanakoota.

Kuna kijana alikuja kwangu na kesi ya madeni. Hajakopa. Anapigiwa na watu wa mkopo wa mtandaoni asubuhi, mchana, usiku, wanamtukana, wanamtumia meseji mpaka shemeji yake. Nikamwambia tulia, tuanze mwanzo, namba yako ya NIDA nani anayo? Akasema hakuna. Nikamwambia hakuna mtu ambaye hakuna anayenayo. Tukakaa tukachimba, kumbe msimamizi wa saiti alitaka majina ya bima, akafungua grupu la WhatsApp, akaandika "wote tumeni picha ya NIDA mbele na nyuma hapa kabla ya saa sita, asiyetuma kesho asije". Grupu la watu mia na kitu! Vibarua wa wiki moja wamo, walioacha kazi wamo, mtu aliyeongezwa na binamu yake wamo. Kila mtu katuma sura yake na namba yake mbele ya wote, na zimejihifadhi kwenye simu za wote, na simu nyingine mnajua zinauzwa Majengo sokoni bila hata kufutwa.

Siwezi kuapa kwamba aliyemkopea alitoka kwenye lile grupu, sikumkamata. Ila nilimwambia bonyeza *106# tuangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, akakuta mbili hazijui. Mbili. Jamani hebu toeni simu mbonyeze sasa hivi, *106#, nawasubiri. ... Haya, kuna mtu ameona asichokijua? Mama pale? Usiongee kwa sauti, nifuate baadae. Laini isiyo yako unaenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho chako unaomba ifutwe, usiikalie kimya mana kikifanyika kitu kwa ile laini mlango utakaogongwa ni wako. Na mkumbuke Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na malalamiko ya watu yalikuwa hayohayo, kudhalilishwa na siri zao kuanikwa.

Msimamizi akitaka picha ya kitambulisho mtumie yeye, inboksi, na mwambie ukishajaza ifute. Au nenda kaonyeshe ajaze kwa mkono. Grupu ni sokoni. Ungebandika NIDA yako kwenye nguzo ya umeme pale Sabasaba?

Na hizi mashine za kidole za kuingilia kazini, kwa kifupi tu. Alama ya kidole sheria inaihesabu taarifa nyeti, inataka uangalizi zaidi ya jina na namba. Nywila ikivuja unabadilisha, kidole hakina spea. Uliza alama zenu zinakaa wapi na nani anazifuta mtu akiondoka. Wale wa zege mnajua wenyewe vidole vimesuguliwa na saruji mpaka mashine haiwasomi, mnakatwa mshahara kwa utoro na mlikuwepo, hapo dai kitabu cha kusaini. Fomu zinazouliza kabila lako, dini yako, ndoa yako iko vipi, acha wazi, na akiuliza muulize inahusiana vipi na kubeba matofali.

Sasa niseme la dada zetu wa kazi za ndani, na hapa naomba akina mama wenye wasichana majumbani msinikunjie sura, na mimi ninaye.

Binti mmoja wa Mpwapwa, alikuwa anafanya kazi nyumba moja huku Ilazo. Siku anafika mwenye nyumba akampokea vizuri tu, akamwambia nipe kitambulisho chako na simu yako nikuwekee, Dodoma ina wezi. Sauti ya mama kabisa. Miezi kumi na moja. Baba yake akafariki, taarifa ikapita kwa jirani, binti akaomba kitambulisho na nauli, akaambiwa subiri nimpate mwingine wa kushika nafasi yako. Alitoka usiku na kanga mbili, hana kadi, hana simu, hana mshahara wa mwezi ule, akakuta wameshazika.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina viashiria kumi na moja vya kutambua kazi ya kulazimishwa. Kumi na moja. Kimojawapo ni mwajiri kushikilia vitambulisho vya mfanyakazi. Kingine ni kushikilia mshahara. Kingine ni kumtenga mtu na watu wake. Hesabuni wenyewe hapo kwa yule binti ni vingapi. Na sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa waziwazi. Yule mama wa Ilazo ukimwambia anafanya hivyo atazimia, yeye anajiona mlezi, na hata kwenye jumuiya ni mtu mzuri. Mimi nilikuwa hivyohivyo na ufunguo kwenye pochi.

Niliishia hapo kwa muda mana mama mmoja wa katikati alikuwa amenyoosha mkono muda mrefu. Nikampa maiki. Akasema, naandika kama alivyosema: "Dada unaongea vizuri lakini mimi nafagia hotelini, kitambulisho changu wanacho tangu mwezi wa pili, nikikidai nitaambiwa kesho usije, je wewe utanilishia watoto?"

Watu walipiga makofi, na mimi nilikaa kidogo kabla ya kujibu.

Nilimjibu hivi. Mama, sitakulishia. Na mtu akikwambia sheria ipo basi huna cha kuogopa, huyo hajawahi kudaiwa kodi ya chumba. Kwahiyo tusiende kwa kifua. Kwanza usiende peke yako, mpo wangapi waliochukuliwa? (Akasema: tisa.) Tisa! Watu tisa wakiomba siku moja kwa heshima ni ngumu kuwafukuza tisa, hoteli nani ataifagia? Pili tafuta sababu ya kawaida, usianze na Katiba. Sema nahitaji kitambulisho nikasajili laini, nikafungue akaunti, nikamchukulie mtoto cheti. Kikishaingia mkononi, usirudishe tena, peleka kopi iliyogongwa muhuri na wakili, sema hii hapa ya faili. Nusu ya watu niliowasaidia walimaliza hapo bila ugomvi. Na anayeanza kazi mpya wiki ijayo, yeye ana kazi rahisi zaidi, asimame palepale wakati wanatoa kopi, mkono wazi unasubiri kadi irudi. Wakisema lazima ibaki, waandike karatasi ya kupokea, jina la aliyepokea, kitu alichopokea, tarehe, sahihi, na lini kinarudi. Nimeshaona mabosi wakiona wanatakiwa kusaini wanaghairi wenyewe, wanakwambia chukua tu chukua.

Akigoma kabisa, ndo tunaandika. Barua fupi ya ukurasa mmoja, unabaki na nakala. Ikipita bila jibu kuna afisa kazi, kuna vyama vya wafanyakazi, wa hoteli na majumbani kuna CHODAWU, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi unapeleka lalamiko, na kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. CMA angalieni siku. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua mgogoro, malalamiko mengine siku 60. Watu wananijia siku ya themanini na machozi, hapo natakiwa kwanza kuomba msamaha wa kuchelewa ndo nianze kesi. Na kampuni ikimwaga taarifa zako kwa watu wasiohusika kinyume cha ile sheria mpya ya taarifa binafsi, faini yake inaweza kufika shilingi bilioni 5. Hiyo mtajieni bosi mwishoni kabisa, tena kwa upole.

Yule mama akasema sawa, ila bado anaogopa. Nikamwambia na mimi ningeogopa.

Sasa turudi lile swali la mwanzo. Nyoosha mkono kama kuna kadi yako, cheti chako, leseni yako, paspoti yako, chochote chenye jina lako, kiko kwa mwajiri saa hii au kwa mwajiri uliyeshaachana nae. Msiangaliane. Moja, mbili... nane... kumi na tano... mpaka kule mlangoni. Thelathini na nne, na mwenyekiti naona na wewe umenyoosha! (Vicheko.)

Mlionyoosha msiondoke. Pale kwenye meza ya pembeni kuna karatasi na kalamu, mdogo wangu ana barua ya mfano, ukiwa hujui kuandika vizuri utamwambia yeye ataandika utasaini. Wale tisa wa hotelini kaeni benchi moja tuandike ya pamoja. Saa inasema tisa na nusu, kwaya wanaingia kumi na moja, tukijipanga vizuri wote mtamaliza. Nani anaanza?